Aproni Isiyo na Mifuko

Kwa miaka minne mkono wa kushoto wa Ervin Kluck uliishi mfukoni. Ulikaa mfukoni kanisani, ukakaa mfukoni jioni za Ijumaa watu walipojazana baa kula samaki wa kukaanga, na hata nyumbani kwake, wageni wawepo wasiwepo, ulijikunyata chini ya kitambaa cha meza kama paka aliyeiba. Mashine ya kiwanda cha karatasi ilikuwa imekula vidole viwili, cha shahada na cha kati, muda mfupi kabla ya Ervin kustaafu. Kikabaki cha gumba pamoja na vile viwili vya pembeni. Daktari alifanya kazi safi na jeraha likapona. Katika mji ule wa kando ya mto, ambako hakuna ukoo usiokiachia kiwanda kitu, hakuna aliyeushangaa mkono ule. Aliyeushangaa ni mwenyewe.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga kinanda cha kuvuta, na harusi nyingi za Wapolandi wa wilaya ile zilichezewa polka aliyoipiga yeye. Alipotoka hospitali alikifunga kinanda kile ndani ya sanduku lake na kulisukuma chini ya kitanda. Mkewe, Delphine, akawa anafagia kulizunguka lile sanduku. Alikuwa mwanamke anayejua kwamba iko milango isiyofaa kusukumwa.

Aliyeusukuma mlango huo ni Alois Pliska. Huyu alifanya kazi na Ervin kiwandani tangu ujana wao, akajipa haki ya kumwambia lolote. Siku moja ya mwezi wa nne, barafu ikiwa imeanza kuyeyuka mitaroni, aliingia jikoni kwa akina Kluck bila kubisha hodi, akajimiminia kahawa, akaketi.

"Nimekutafutia mchezo," alisema. "Kulenga shabaha kwa rivolva. Kuna mashindano kila mwezi kule nyuma ya mashamba ya viazi."

"Bastola yataka mikono miwili," Ervin akajibu.

"Hizi za kisasa ndiyo. Sharti ukivute kile chuma cha juu kwa nguvu, na hapo kweli wewe hufui dafu. Rivolva haina cha kuvutwa. Unabana kifyatulio, silinda yenye risasi inazunguka yenyewe. Bwana, huo mchezo kama walikupima wewe ndipo wakaushona."

"Na kupakia upya?"

Alois alikuna kisogo. "Hilo utalikuta mbele ya safari. Kidole kimoja ndicho kisichovunja chawa. Wewe unavyo vitatu. Unataka chawa wa ukubwa gani?"

Delphine, aliyekuwa akiosha vyombo, aligeuza uso dirishani ili mumewe asimwone anacheka. Lakini Ervin alimwona, na kwa kuwa ilikuwa imepita siku nyingi bila kumwona mkewe akicheka, alikubali kwenda kutazama. Kutazama tu, alisema.

Uwanja wenyewe ulikuwa machimbo ya zamani ya mchanga, yaliyozungukwa na kingo ndefu za udongo na miti ya misonobari. Wanachama walikuwa wakulima wa viazi, mafundi, mwalimu mmoja wa sayansi, na wastaafu wa kiwanda. Kanuni yao kwa wageni ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya zamani. Mgeni huwekwa katika majaribio majira yote ya joto. Kabla theluji haijafunga njia, sharti amalize shindano moja zima bila kuondolewa kwa kosa la usalama. Akimaliza, hata akiwa wa mwisho kwa mbali, hukabidhiwa ufunguo wa lango na kuwa mwenzao. Asipomaliza hungoja mwaka mwingine. Ervin alijijua. Alijua kwamba akishindwa mwaka ule hatarudi wa pili, na mkono utarejea mfukoni ukae huko hadi siku ya kuzikwa.

Mafunzo aliyapata kwa Bibi Luverne Danczyk, msimamizi wa usalama, mwanamke mfupi aliyetumia maisha yake kupeleka barua mashambani, na ambaye sauti yake, watu walisema, ilizoea kushindana na mbwa. Alimfundisha kusimama, kupumua, na kubana kifyatulio kwa mwendo mmoja mrefu usiokatika, kama mtu anayevuta ndoo kisimani bila kumwaga maji. Ervin aliupenda ubanaji huo. Rivolva haikubali pupa. Ukiharakisha inakuumbua, na ukiivumilia inakulipa. Tena katika kulenga mkono wa kushoto hujibanza chini ya wa kulia, ukitoa msaada wake kwa siri. Hilo nalo alilipenda, pengine kupita kiasi.

Jambo lililomshangaza lilikuwa ukarimu. Alois alimwazima rivolva yake ya pili. Mwalimu wa sayansi alimletea mkanda na mkoba wa kuning'iniza bastola kiunoni, akasema vinamjazia nafasi tu nyumbani. Siku moja aliporudi kwenye gari lake alikuta kitini boksi la risasi lisilo na jina la mtu. Aliuliza huku na huku, na kila aliyeulizwa alitazama mawingu.

Shindano lake la kwanza lilikuwa Jumapili ya mwezi wa Juni, baada ya misa. Vilikuwapo vituo kadhaa, kila kimoja na mpangilio wake wa shabaha za karatasi na sahani za chuma. Katika kituo cha kwanza Ervin alikwenda bila haraka. Risasi zote nane za silinda zilifika zilikotumwa, na sahani zikalia kama kengele za ng'ombe. Ukaja wakati wa kupakia upya.

Risasi za rivolva hizi hushikwa pamoja na kibati chembamba cha chuma chenye umbo la nyota, ili zote ziingie na kutoka kwa mara moja. Mpigaji hufungua silinda, huyatoa maganda, huchomoa kibati kingine kiunoni na kukitumbukiza. Kazi hiyo ni ya mkono wa kushoto, nao ulikuwa umefika wakati wa kujitokeza. Nyuma yake walisimama wenzake waliongoja zamu, mikono wameifumbata vifuani, wakimtazama kama wanavyomtazama kila mpigaji. Ervin aliyahisi macho yao kisogoni. Pasipo kufikiri alipindisha bega na kugeuka upande, kama mtu anayekinga kiberiti na upepo, ili mgongo wake uufunike ule mkono. Mtutu wa bastola ukageuka pamoja naye.

"Simama!" Sauti ya Luverne ilikata hewa. "Usisogee. Rudisha mtutu mbele. Polepole. Hivyo."

Silinda ilikuwa wazi na tupu, lakini sheria haiulizi hilo. Mtutu hauruhusiwi kuvuka usawa wa mabega ya mpigaji kuelekea waliko watu, iwe kuna risasi au hakuna.

"Umevuka, Ervin," alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Leo umekwisha."

Ervin aliifungasha bastola, mkono ukazama mfukoni, akashika njia ya kuelekea gari lake. Alois alikuwa amemtangulia. Alisimama katikati ya njia, ameshika aproni ya turubai la kijani lililofifia kwa moshi na mafuta.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nimefukuzwa."

"Kupiga ndiko ulikofukuzwa. Kula hujafukuzwa. Geuka nikufunge."

Hivyo ndivyo Ervin alivyoijua desturi ya uwanja ule: aliyeondolewa haendi nyumbani kununa, bali huvaa aproni na kuwachomea wenzake soseji za mchana. Karibu kila mwanachama alikwisha kuivaa. Alois alimfunga kamba mgongoni kama anayemfunga farasi, akamwonyesha jiko la mkaa, sufuria ya soseji zilizochemshwa kwa bia na vitunguu, bakuli la kabichi, na koleo la kugeuzia.

Ervin alishika koleo kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto, kwa mazoea yake, ulitafuta mfuko. Uliteleza juu ya turubai, ukatafuta tena upande wa pili, ukateleza. Mifuko haikuwapo. Palikuwa na alama za uzi tu pale ilipokuwa imeshonwa zamani.

"Tuliikata," alieleza Alois. "Kuna bwana alisahau risasi mfukoni akainama motoni, ikadondoka. Hakuumia mtu, lakini soseji tulizitafuta hadi msituni."

Watu walikuja na sahani zao, mmoja baada ya mwingine, na Ervin hakuwa na namna. Sharti mkono wa kulia ushike koleo, na wa kushoto ushike mkate.

"Nipe ile iliyopasuka."

"Hiyo usinipe, hata shetani angeiona imeungua."

"Kabichi zaidi, mzee, usiwe bahili na kabichi ya klabu."

Mkulima mmoja mnene alipokea mkate wake kutoka kwenye vile vidole vitatu, akauma, akatafuna kwanza. "Wewe angalau ulifika kituo cha kwanza," alisema. "Mimi mwaka wangu niliondolewa nikiwa bado naegesha gari. Niliitoa bastola nimwonyeshe rafiki yangu." Akaenda zake.

Luverne alikuja wa mwisho, wengine walipokwisha kuketi. Alisimama karibu na jiko akiwa na sahani tupu.

"Nina neno, na nitalisema mara moja."

"Sema, bibi."

"Hukuwa ukipakia bastola pale. Ulikuwa ukificha mkono."

Ervin aligeuza soseji isiyohitaji kugeuzwa.

"Kazi yangu ni kutazama mikono," Luverne aliendelea. "Nimekutazama tangu ulipofika. Mkono wenye vidole vitatu haunitishi hata kidogo. Mkono nisiouona ndio unaonitisha. Uweke mbele ya watu, ama uache mchezo huu. Hakuna njia ya tatu. Sasa nipe iliyoungua, nazipenda."

Waswahili husema mficha uchi hazai. Watu wa Ervin hawana methali hiyo, lakini maana yake ilimwingia siku ile akiwa amesimama kwenye moshi, na ilimwingia bila kumchoma, jambo ambalo hakulitarajia. Alikuwa amehudumia watu wote wa uwanja kwa mkono ule, na kilicholalamikiwa kilikuwa ni uchache wa kabichi.

Wiki iliyofuata Luverne alimwonyesha namna nyingine ya kupakia. Bastola isihame mkono wa kulia. Kwanza mtutu uelekee juu na mbele, kiganja cha kushoto kipige fimbo ya kutolea maganda. Kisha mtutu uiname kuelekea ardhini palepale mbele, na gumba pamoja na vidole viwili vilete kibati kipya. Yote haya yafanyike mbele ya tumbo, chini ya macho ya kila aliyepo. Akampa na kazi ya nyumbani: ajizoeze kwa risasi za bandia, huku mtu akimtazama.

Mtu huyo akawa Delphine. Jioni za kiangazi alipeleka kiti gereji, akaketi pembeni na bakuli la maharage ya kuambua, na Ervin akasimama akiukabili ukuta. Siku ya kwanza mume alisema, "Si lazima utazame sana."

"Bibi wa barua amesema nitazame."

"Basi tazama maharage kidogo."

"Maharage nayajua."

Akatazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitalini mkono ule kukaa muda mrefu mbele ya macho yake. Vibati vilianguka, vikaokotwa, vikaanguka tena. Hadi maharage ya shamba lao yalipokwisha, vilikuwa vikiingia mara nyingi kuliko vilivyoanguka. Jioni moja Delphine, bila kuacha kazi yake, alisema, "Kumbe huo mkono umezeeka sawasawa na mwenzake." Ervin alicheka hadi akalazimika kuiweka bastola mezani.

Lakini gereji si uwanja. Mwezi wa Julai Ervin alikwenda kubandika vipande vya karatasi kwenye matundu ya shabaha tu, asishindane. Agosti mvua iliharibu kila kitu. Septemba aliingia, akavimaliza vituo viwili salama, kisha wakafika wageni wa klabu ya mji mwingine, wapigaji mahiri wenye mashati yanayofanana. Wakasimama nyuma yake. Ervin aliiambia meza ya alama kwamba tumbo linamsumbua, akaondoka. Njia nzima hakufungua redio. Likabaki shindano moja, la mwisho wa Oktoba.

Siku hiyo ilipambazuka na baridi kali. Jalidi ilikuwa imelala juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na vile visiki vya vidole, ambavyo huijua baridi kabla ya mwenyewe, viliuma. Delphine alikuja naye. Hakuwa amepata kuja kabla, naye hakuulizwa kwa nini.

Katika kituo cha tatu ilitokea ajabu ya mwaka. Alois Pliska, aliyekuwa akijisifu kwamba aproni ile haijui hata kiuno chake kina unene gani, alihama kutoka shabaha moja kwenda nyingine akiwa na kidole juu ya kifyatulio, kosa ambalo sheria haimsamehe yeyote.

"Simama," alisema Luverne. "Wewe pia, Alois."

 Alois alivua kofia, akaikung'uta gotini. "Basi nileteeni hilo gauni," alisema. "Na mjue leo mtakula vibaya." Ervin ndiye aliyemfunga kamba mgongoni.

Kilibaki kituo cha mwisho. Uwanja mzima ulikuja kukitazama, kwa kuwa kilikuwa kirefu, tena kwa kuwa kilikuwa karibu na jiko. Ervin alisimama mahali pake. Nyuma yake walikuwapo wote: mwalimu, yule mkulima mnene, Alois na koleo lake, Delphine katika koti lake la misa.

"Pakia ujiandae," alisema Luverne karibu na bega lake. "Uko tayari? Subiri mlio."

Kifaa cha kupima muda kililia. Ervin alipiga nane za kwanza kama alivyofundishwa, kila moja kwa mwendo wake mrefu. Alifungua silinda, kiganja kikapiga fimbo, maganda yakamwagika. Mkono wa kushoto ukashuka kiunoni, ukachomoa kibati, na vidole, vilivyokufa ganzi kwa baridi, vikakiachia. Kilianguka kwenye mchanga mbele ya kiatu chake.

Alisikia mtu nyuma akivuta pumzi. Bega lake lilianza kupinda. Alilihisi likipinda, lile bega la miaka minne lililojua kazi moja tu, na akajua kwamba likiendelea kidogo, sauti ya Luverne itakata hewa na mwaka utakuwa umekwisha. Akaliacha bega lirudi. Alibaki ameukabili ukingo wa udongo, bastola mbele ya tumbo, mtutu chini na mbele, mkono wa kushoto wazi kabisa mbele ya watu wote. Akaushusha tena kiunoni. Kibati cha pili kilishikwa na gumba na vidole viwili. Kilikataa kuingia. Akakizungusha kidogo, bila kugombana nacho, kama alivyokuwa akivizungusha kule gereji. Kikaingia.

Hakuna aliyempigia kelele aharakishe. Alilenga sahani zilizosalia, akazipiga. Moja aliikosa, akairudia, ikaanguka.

"Kama umemaliza, toa risasi, onyesha."

Akatoa, akaonyesha. Luverne aliinama akatazama matundu yote ya silinda, jinsi alivyotazama matundu ya kila mtu.

"Tupu. Weka kiunoni. Uwanja ni salama."

Aligeuka na kuwakuta wenzake wakisogea mbele, kwa kuwa ni desturi pale kwamba vibati vya mpigaji huokotwa na wengine, visije vikakanyagwa na kupinda. Mwalimu alileta kimoja, mkulima kingine. Kile kilichoanguka na risasi zake kilikuwa mkononi mwa Delphine. Alikuwa amekipangusa mchanga kwa ncha ya koti la misa.

"Hiki ni chako?" aliuliza.

"Changu," alisema Ervin. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, kisha akaubakiza mkono pale, ndani ya mkono wa mkewe, hadi Alois alipopiga koleo kwenye sufuria kuwaita.

Alama zilipojumlishwa, Ervin Kluck alikuwa wa mwisho, nyuma kabisa ya aliyemtangulia. Luverne alisoma jina lake kwa uzito uleule aliosomea la mshindi, akamwita mezani, akaweka ufunguo wa lango mbele yake, na kwenda kutafuta soseji iliyoungua. Ervin alitaka kusema neno la shukrani mbele ya wote. Alikuwa amelitayarisha njiani asubuhi: amtaje mwenye mkanda, mwenye bastola, mwenye boksi asiyejitaja, na mwanamke aliyemkemea siku ya kwanza. Badala yake aliuchukua ufunguo kwa mkono wa kushoto. Alisema tu, "Asanteni. Nitakuja kufungua lango mapema mwezi wa nne," na watu wakaitikia kwa vichwa, maana katika wilaya ile hiyo ni hotuba ndefu.

"Wa mwisho hula zilizobaki," Alois alisema kutoka kwenye moshi. "Zimeungua, nimewaambia mapema."

"Lete. Nina njaa."

"Kabichi?"

"Usiwe bahili na kabichi ya klabu."

Kinanda bado kiko chini ya kitanda. Si kila kitu hurudi, wala Ervin hadai kirudi. Lakini mchana ule alikula akiwa amesimama, sahani katika mkono mmoja na mkate katika mwingine, akitazama chembe za kwanza za theluji zikitua juu ya kingo za udongo. Mfuko wa kushoto wa koti lake ulikuwa na ufunguo.